Kwa Nini Tulisimama Katikati ya Mbio

Chekeni mmalize, halafu mnipe nafasi niseme.

Video ile mmeiona wote. Mtaa wetu wote wa Katoyi hapa Goma umeiona, na shemeji yangu wa Bukavu aliiona kabla yangu mimi niliyekuwa ndani ya gari. Korola nyeupe yenye plaki, namba ya gari, ya Kongo inakuja mbio kwenye barabara ya vumbi huko Uganda, watu wanapiga kelele, mara inapunguza mwendo, inaegeshwa pembeni kwa adabu, injini inazimwa, dirisha linashuka, na mkono unatoka nje umeshika karatasi ya gari. Mkono ule ni wa Deo, yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa. Aliyekaa kando yake na daftari mapajani, amefunga kinywa kabisa, ni mimi.

Tangu tumerudi kila ninayekutana naye ananiuliza kulitokea nini, na kila mara nasimulia nusu tu, maana mtu anaanza kucheka kabla sijafika Rutshuru. Kwa hiyo nimeandika. Mambo ya fomu na mihuri nayaruka, hakuna mtu aliyewahi kufurahia kusoma habari za mihuri.

Kwa asiyetujua vizuri: sisi ni watoto wa mfugaji wa Masisi. Baba alikuwa akishusha fromage, jibini ya kwetu, kutoka milimani hadi Goma kwa pikapu, na kwenye utelezi ule ndiko tulikojifunzia usukani. Deo anaendesha, mimi nasoma. Kusoma ni hivi: siku moja kabla ya mbio tunapita njia polepole, naandika kila kona kwenye daftari. Moja ni kona kali sana, tano ni karibu imenyooka. Siku ya mbio nampigia kelele sikioni, “Gauche trois, cent mètres, droite deux, angalia jiwe!” yaani kushoto tatu, mita mia, kulia mbili. Yeye anageuza kabla hajaiona kona yenyewe. Anaendesha kwa kinywa changu.

Kabla ya mwaka huu tulikuwa tumejiandikisha mara saba katika mbio za magari za Mbarara, Uganda, na hatukuwahi kufika mwisho hata mara moja. Gari la kwanza lilifunikwa na lava ya volkano likiwa gereji, tukiwa tumebakiza wiki moja kuondoka. La pili lilichukuliwa na waasi. Tulikuja kuliona linapita mjini limejaa watu wenye bunduki, mmoja amekaa juu ya boneti anakula muwa. Mara nyingine mpaka ulifungwa, mara nyingine radieta, mara nyingine mtaro. Mwaka huu Deo, ambaye huniita Peti, yaani mdogo wake, akaniambia:

“Peti, bega imechoka. Hii ni ya mwisho, kisha naacha. Mi nataka kufika tu. Hata nyuma ya bote, lakini kufika.”

Katoyi hadi Kibati

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi badala ya saa kumi na mbili, kwa sababu mama aliomba. Mama yetu akiomba, anaombea kila gurudumu kivyake, na sisi tulikuwa na magurudumu manne chini na manne mengine nyuma. Alipomaliza akatupa fromage tatu zimefungwa katika kitambaa, akasema lile analosema kila safari:

“Mukiona mutu na bunduki, musimame.”

Alisema hivyo akiniangalia mimi, si Deo. Nikajifanya nafunga kamba ya mzigo.

Watatu tulikuwa, pamoja na fundi wetu, Papa Kasereka, mtu wa Butembo, mnene, mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usiopumzika. Alikaa nyuma katikati ya magurudumu, fromage juu ya magoti, akilalamika kuhusu harufu tangu kona ya kwanza. Lakini tulipokaribia Kibati hata yeye alinyamaza. Anajua.

Hapa inabidi nieleze, maana wengi wenu mlisikia vibaya. Wakati ule wa vita, laini ya mapigano ilipokuwa Kibati, karibu na Goma, Deo na mimi tulikuwa tunarudi Goma jioni baada ya kujaribu gari kule juu. Tukakuta bariyeri, kizuizi cha barabarani, kamba kati ya vijiti viwili, lakini kamba ilikuwa imelala chini. Watu wawili wenye sare pembeni, mmoja ameinua mkono. Nilidhani anatupungia. Nikasema, “Pita, yaya, kamba imelala.” Deo akapita. Wakapiga risasi tatu, na moja ikaingia begani mwake.

Aliendesha mwenyewe hadi hospitali, mkono mmoja, kwa sababu mimi sikuweza hata kushika giya. Hatukuwahi kuzungumzia jambo lile, hata siku moja. Mimi niliendelea kusoma daftari, yeye akaendelea kuendesha, na neno “pita” nikaliondoa katika kusoma kwangu. Nikawa nasema “endelea”.

Asubuhi hiyo Kibati hapakuwa na kamba. Palikuwa na akina mama na makaa yao, na mbuzi mmoja barabarani. Tulipita, na mbele kidogo Kasereka akaanza tena habari ya fromage.

Rumangabo, saa nne na nusu

Rumangabo tulikwama kwa muda wa saa nne na nusu. Lori la haragwe lilikuwa limelala kiubavu kukata barabara nzima, na dereva wake amekaa juu yake ameshika tama. Magari yalijipanga pande zote mbili. Walinzi wa mbuga ya wanyama walikuja, wakaangalia, wakaenda zao. Tukala mahindi ya kuchoma na sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani.

Mama mmoja mwenye magunia mawili katika lori lile alikuja kukaa kwenye kivuli cha gari letu. Akaangalia namba ishirini na saba iliyobandikwa mlangoni.

“Hii vingt-sept ni ya nini?”

“Ya mbio, mama,” nikamjibu. “Tunaenda kukimbiza gari Uganda.”

“Banawalipa?”

“Apana, mama. Sisi njo tunalipa.”

Akanigeukia mzima mzima. “Munalipa kusudi mukimbie?”

“Ndiyo.”

“Eeh! Sisi huku tumekimbia miaka yote, na hakuna mutu alitulipisha.”

Kasereka alicheka mpaka gari likatikisika. Mama yule hakucheka. Aliomba kipande cha fromage, akala, akasema chumvi ni kidogo. Lori lilipoinuliwa alitusukumia gari kwa mkono mmoja ingawa injini ilikuwa inawaka vizuri. Nadhani ilikuwa namna yake ya kutuaga.

Bunagana, na upande wa kushoto

Ukivuka mpaka wa Bunagana kuingia Uganda, magari yanahamia upande wa kushoto wa barabara. Deo analijua hilo kichwani, lakini mikono yake haijui. Kilometa ya kwanza nzima tulikwenda kulia kwetu kwa raha zote, mpaka basi likatokea kwenye kona na dereva wake akatutukana kwa lugha ambayo hatukuhitaji kuijua ili tumwelewe. Kuanzia pale kazi yangu ikawa kusema “kushoto, yaya” kila tukitoka kwenye kituo, na kazi ya Kasereka ikawa kusema “Yesu” kila nikichelewa.

Kisoro tulikula viazi na haragwe, chakula cha nyumbani kabisa, na Kinyarwanda chetu kilieleweka vizuri. Mzee mmoja pale alituuliza kama ng'ombe wa Masisi bado wapo. Deo akamjibu wapo, wachache. Wawili hao wakaanza kuongea habari za ng'ombe, na tukachelewa tena saa nzima.

Mbarara, mama aliyetuogopa

Tulifika Mbarara kesho yake mchana, na njaa. Kulikuwa na kibanda cha chakula, masufuria yanatoa mvuke, mama amekaa mlangoni. Kasereka akasimama mbele yake akasema kwa sauti yake ile ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde:

“Mama! Tupe chakula, upesi, tumechoka!”

Mama yule akasimama wima na kusema chakula kimekwisha, huku mvuke ukimpita usoni. Tulikwama pale hatuelewi. Mteja mmoja aliyekuwa akila ndani akatuita pembeni akatueleza kwamba kwao huku, kwa miaka mingi, Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi. Mtu akija kwa mama mwenye kibanda na Kiswahili cha kelele, mama anakumbuka mambo.

“Mimi? Mujeshi?” Kasereka akashika tumbo lake kwa mikono miwili. “Na hii?”

Deo akaingia, akavua kofia, akampa mama yule fromage nzima kwa mikono miwili, bila neno. Mama akainusa, akakunja uso, akamwita jirani naye ainuse, wakacheka wote wawili. Tukapewa matoke na mchuzi wa njugu, tukala mpaka tukashindwa kuinama kufunga viatu. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa namwangalia mama yule mikono yake, ilivyotulia polepole.

Alasiri tukapita njia ya mbio polepole, nikaandika kona zote. Jioni wakakagua magari. Mkaguzi alikuta swichi kubwa kando ya usukani, akaibonyeza, taa ya ndani ikawaka.

“Hii ni ya kazi gani?”

“Ya bariyeri,” Deo akamwambia.

Tukamweleza kwamba kwetu ukikuta bariyeri giza limeingia, unazima taa za mbele zisimpige mtu macho, unawasha ya ndani akuone uso, unazima injini, unashusha kioo, mikono inakaa juu ya usukani, na karatasi iko tayari. Mtu akijua kufanya haya yote kwa haraka, anafika nyumbani. Mkaguzi aliandika kitu kwenye karatasi yake, akatuangalia kidogo, akapitisha gari.

Sehemu ya nne

Mbio zilikuwa na sehemu sita, na magari thelathini na matatu, ya watu wa kawaida kama sisi, mwenye duka, mwalimu, daktari wa meno. Ili uhesabiwe umefika, lazima uingie kwenye meza ya mwisho kabla hawajaifunga saa tisa.

Sehemu ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri, isipokuwa ng'ombe wenye pembe ndefu walipotokea kwenye uzio na Deo akapunguza mwendo si kwa kuogopa bali kwa kuwasifu. Nilimpigia kelele. Ya tatu tulipita magari mawili. Nilikuwa nasoma vizuri, yeye anageuza vizuri, na nilianza kufikiria uso wa mama.

Sehemu ya nne, baada ya daraja dogo. Nilipoandika kona zile hapakuwa na mtu. Siku ya mbio waliweka askari kwenye njia panda kuzuia watazamaji. Nikainua macho kutoka kwenye daftari nikamwona mmoja amesimama kulia, sare, bunduki begani, na mkono wake unapanda juu.

Nilikuwa na kona ya kusoma. Ilikuwa imeandikwa pale, kwa mwandiko wangu. Sikusema kona wala sikusema askari, sikusema lolote.

Kilichofuata mmekiona. Deo akakanyaga breki, akaegesha, akazima injini, akawasha taa ya ndani saa sita ya mchana, akashusha kioo, akaweka mikono juu ya usukani, halafu akatoa karatasi.

“Karatasi yote iko, afande.”

Yule askari, kwa mazoea naye, akaipokea na akaanza kuisoma. Alifika katikati ndipo akashtuka.

“Lakini nyinyi mbona mmesimama? Mimi niliona plaki ya Goma, nilikuwa nasalimia tu!”

Basi hapo ndipo simu zote zilipotoka mifukoni. Injini ilikuwa ya moto, ikakataa kuwaka, watu wakatusukuma wakicheka, gari la nyuma likatupita linapiga honi. Tulipoteza karibu dakika tano. Aliyetupokea kwenye meza ya mwisho wa sehemu hiyo alitazama saa akatuambia tukisimama tena, hata mara moja, meza ya mwisho tutaikuta imefungwa.

Chini ya turubai

Kabla ya sehemu ya tano kulikuwa na dakika ishirini za kutengeneza magari. Kasereka alikuwa ameshaonyeshwa video. Alicheka machozi yakatoka, kisha akatutazama nyuso, akaacha, akaingia chini ya gari asitoke tena.

Deo alikaa juu ya gurudumu akikata fromage kwa kisu cha Kasereka. Bega lake lilikuwa limekaza, nililiona. Nikaona nisiposema sasa sitasema maisha yangu yote.

“Yaya, unisamehe.”

“Ya nini?”

“Ya Kibati.”

Akaacha kukata. “Unangojea miaka yote, unakuja kuniomba musamaha hapa Mbarara, mi niko na fromage mu kinywa?”

“Ni mimi nilikufundisha kuogopa bajeshi. Njo maana umesimama.”

“Naogopa, ndiyo. Kwani mi ni jiwe?” Akameza. “Lakini sikusimama sababu ya ile. Nilisimama sababu ulinyamaza.”

Sikuelewa. Akanielekezea kisu, si kwa hasira, kama anavyofanya mama akitaka usikie.

“Siku ya Kibati ulisema pita, nikapita. Ulikosea. Sawa, mutu anakosea. Lakini tangu siku ile, kila ukiona mutu na nguo ya jeshi unafunga kinywa, unaniacha. Njiani, mu mbio, kila pahali. Mi siwezi kuendesha na kukusomea wewe vilevile! Ukisema, hata ukikosea, tuko wawili. Ukinyamaza, niko peke yangu mu gari. Na mutu yuko peke yake anasimama, anatoa karatasi.”

Miaka yote hii nilidhani nabeba kosa la neno moja. Kumbe aliyekuwa ananibeba ni yeye, na kilichomchosha si bega. Niliona aibu, waziwazi kabisa, mpaka nikamgeuzia mgongo. Deo akanigusa na kipande cha fromage kwenye mkono.

“Kula. Chumvi ni kidogo kweli.”

Sehemu ya sita

Sehemu ya tano nilisoma mpaka sauti ikakwaruza. Ya sita tuliianza tukiwa wa mwisho kabisa, na vumbi la wenzetu lilikuwa limeshatua chini.

Kona ya tatu kabla ya mwisho, kati ya migomba, askari mwingine. Huyu mkono wake ulikuwa juu kweli, umekaza, na alikuwa anatazama upande wetu. Mguu wa Deo ukaachia mafuta, nikausikia. Nikaangalia vizuri. Alikuwa anazuia watu nyuma yake, mama mmoja na mwavuli.

“Mujeshi kulia!” nikapiga kelele. “Anazuia batu, si sisi. Droite quatre. Pita, yaya! Pita!”

Akapita. Sikumbuki kona mbili zilizobaki, ila najua nilizisoma kwa sababu tuko hai.

Meza ya mwisho walikuwa wameshaanza kuikunja. Bibi mwenye saa akatutazama, akaikunjua tena, akaandika namba ishirini na saba. Tulikuwa wa mwisho kati ya waliofika. Deo aliweka paji la uso juu ya usukani akalia, mimi nikalia pia, na Kasereka alikuwa anakimbia huku na huku anakumbatia watu wasiomjua, akiwaambia wote kwa Kiswahili chake cha kelele kwamba tumefika.

Kibati tena

Kurudi hakukuwa na cha kusimulia sana. Tulilala Kisoro, tukakuta yule mzee wa ng'ombe, tukachelewa. Tulifika Kibati siku ya pili alasiri, jua bado liko juu.

Palikuwa na kamba. Wakati wa kwenda haikuwapo, sasa ilikuwapo, imekazwa kati ya vijiti viwili. Watu watatu. Deo hakukanyaga breki. Aliondoa tu mguu kwenye mafuta, macho mbele, na akaniuliza:

“Peti?”

Nikawaangalia mmoja mmoja. Kamba iko juu. Wawili wamekaa. Wa tatu kijana, kidole chake kiko karibu mno na kifyatulio cha bunduki.

“Simama, yaya. Simama kabisa.”

Akasimama. Injini, kioo, mikono juu ya usukani, hata taa ya ndani, mchana ule. Kijana akaja, akachungulia magurudumu, fundi, kitambaa cha fromage kitupu, akasoma namba mlangoni.

“Munatoka wapi?”

“Mbio,” Deo akasema. “Uganda.”

“Mulishinda?”

“Apana. Tulifika.”

Kijana akafikiri kidogo, akainua mkono kuwapa wenzake ishara, na kamba ikalala chini. Deo akawasha injini. Aliweka mguu juu ya mafuta lakini hakukanyaga, akabaki hivyo hivyo, anangoja.

“Pita,” nikamwambia.